Upe Upepo Mgongo

Grâce alisoma akiwa amesimama. Hakuwa na namna nyingine. Toka saa tatu asubuhi mpaka jua linapoondoka kwenye madirisha ya maghorofa ya Albert Park, mikono yake ilikuwa kichwani mwa mtu, inasuka. Kwa hiyo kitabu alikishika mteja. Mteja alikaa kitini, kitabu kimelala wazi mapajani, na Grâce akakisoma kupitia juu ya utosi wake. Akimaliza ukurasa, alimgonga mteja begani kwa mkia wa kitana, mara moja. Mteja akafunua.

Wengine walikubali kwa sababu alikuwa akiwaongezea shanga. Wengine walizoea tu. Kulikuwa na mama mmoja wa Umlazi, hajui Kifaransa hata cha salamu, lakini kila alipokuja aliuliza leo ni picha ya wingu gani. Akishatajiwa jina, alilirudia njia nzima mpaka mlangoni.

Aliyekuwa hanyamazi ni Clementina, Mtanzania aliyeuza vitenge kwenye duka la chini, jengo lilelile.

"Dada Grâce, mimi nimekuja kusukwa. Sikuja kusomeshwa."

"Funua."

"Hili wingu mbona limefanana na mjomba wangu wa Moshi? Tumbo lilelile."

"Funua, Clementina."

"Siku ukirusha hiyo ndege yako, mimi sipandi. Rubani gani hawezi kukaa chini dakika tano?"

Hapo Clementina hakusingizia. Grâce alikuwa hakai. Alikula amesimama. Kanisani alisimama nyuma, karibu na mlango. Ikitokea saluni haina mtu, alitembea toka kwenye sinki mpaka dirishani na kurudi, midomo inacheza. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na miguu yake ilikuwa kama ya mtu aliyeambiwa gari linaondoka.

Alizaliwa Bukavu. Baba yake alifanya kazi kwenye mnara mdogo wa uwanja wa ndege wa Kavumu, kazi ya kuongea na ndege kwa redio. Mtoto huyu alimpelekea chakula. Alipanda ngazi ya chuma, sufuria mkononi, akamkuta baba amevaa vitu vya masikioni, anaongea taratibu na mtu asiyeonekana. Kisha huyo asiyeonekana anatokea mlimani, mdogo kama nzi, anakuwa mkubwa, anatua. Mtoto akaona kwamba baba yake ndiye aliyemshusha. Toka siku hiyo hakutaka kazi nyingine.

Mwaka wa tisini na sita vita ikafika. Baba alikuwa kazini. Hakushuka mnarani.

Grâce aliondoka Bukavu na watu wawili na kitabu kimoja. Watu ni mama yake mdogo, Julienne, na mume wa Julienne, Vénérand, ambaye Grâce alimwita Tonton. Kitabu kilikuwa cha baba, kinene, jalada la buluu, cha mafunzo ya urubani. Alikifunga ndani ya kitenge, akakibeba mgongoni kama mtoto. Watu walimwuliza mtoto hajambo. Malori, miguu, malori tena, Tanzania, Zambia, Zimbabwe. Miezi saba. Mpaka wakafika Durban, na mbele yao pakawa maji matupu.

Julienne alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka ishirini. Vénérand hakuwahi kukalia benchi la shule. Durban haikuuliza hayo. Julienne alipata kufua nguo za watu. Vénérand alipata kizibao cha rangi ya chungwa na kipande cha maegesho huko South Beach, akalinda magari ya watu waliokwenda kuogelea.

Lakini jioni, ndani ya chumba chao, shule iliendelea. Julienne alikaa kwenye kiti karibu na jiko, kitabu cha buluu mkononi. Grâce alitembea. Hatua nne mpaka mlangoni, hatua nne kurudi. Vénérand alikaa kwenye ndoo aliyoigeuza, anapiga viatu vyake rangi, kimya.

"Simama, upe upepo mgongo," Julienne aliuliza. "Hewa nyepesi iko mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Na mvua inapikiwa wapi?"

"Kwenye hewa nyepesi."

"Vizuri. Tembea."

Neno lake la kusifu lilikuwa hilo. Tembea. Kisha akaweka alama ndogo ya penseli pembeni mwa ukurasa. Kwa miaka miwili alama zile zilijaa, zikawa kama nyayo za kuku.

Julienne alikufa mwezi wa tatu mwaka wa tisini na tisa. Figo. Siku tisa toka alalamike mpaka kwisha. Kiti chake kilibaki karibu na jiko. Hakuna aliyekikalia na hakuna aliyekiondoa. Vénérand aliendelea kukaa kwenye ndoo. Grâce akahamishia kitabu saluni, kwenye mapaja ya wateja.

*

Kule Virginia, kaskazini mwa mji, kuna uwanja wa ndege ndogo. Mwenye shule moja pale alikuwa Mbelgiji mzee, aliyewahi kurusha mizigo kuingia Bukavu. Grâce alikwenda kwake mwezi wa tano, amevaa sketi ya kanisani ya Julienne. Alipotaja Kavumu, yule mzee akaweka kalamu chini. Akataja mwanamume mwenye sauti taratibu, aliyemshusha mara nyingi katika mawingu. Grâce akasema ni baba yangu.

Wakapatana. Kila Jumamosi Grâce angeosha ndege na kufagia banda, naye angelipwa kwa saa za kufundishwa angani. Ila nafasi ya namna hiyo ilikuwa moja tu. Na sharti lilikuwa moja: amalize kwanza mitihani yote ya kuandika, kabla mwezi wa kumi haujaisha. Asipomaliza, nafasi inakwenda kwa kijana mmoja wa Umlazi, anayeosha ndege pia, na ambaye mitihani yake alishaimaliza.

"Yeye anangoja wewe ushindwe," mzee akamwambia. "Si mtu mbaya. Anangoja tu."

Akaanza mwezi wa sita, mitihani ikifanyikia palepale uwanjani. Sheria za anga alizisoma kwenye vijitabu vya Kiingereza vya hukuhuku, akapita. Redio akapita, hata mtahini akamwuliza amefundishwa na nani. Injini akapita. Ule wa ramani na dira ukamkwaruza: sabini na sita, na anayepata chini ya sabini na tano ameanguka. Hakujua imekuwaje, lakini alishapita, akausahau.

Ukabaki mmoja. Hali ya hewa. Huo ndio aliokuwa haogopi kabisa. Wa kitabu cha buluu, wa Julienne. Aliufanya mwezi wa tisa, akamaliza kabla ya wote, akatoka nje akatembea uani akingoja.

Hamsini na nane.

Alimwomba bibi wa ofisini aangalie jina vizuri. Bibi akaangalia. Lilikuwa jina lake.

Hawakuonyeshi ulipokosea. Wanakupa namba, basi. Akapewa tarehe nyingine, Ijumaa ya ishirini na mbili mwezi wa kumi. Hakukuwa na nyingine kabla mwezi haujafunga.

*

Sasa ndipo Grâce alipopoteza utulivu hata ule mdogo aliokuwa nao.

Alidhani ni Kiingereza. Akaazima kamusi, akatafuta kila neno alilolikumbuka. Yote aliyajua. Akadhani wamechanganya karatasi. Akadhani ni kichwa chake, kwamba toka mama mdogo afe kuna mahali mle ndani pamefungwa. Akasoma kitabu chote upya toka mwanzo, kwa siku nane, juu ya vichwa kumi na tisa. Kila swali alilijibu. Kila jibu lilikuwa na alama ya penseli pembeni.

Wateja wakaanza kulalamika.

"Unanisuka au unanikamua?" Clementina akasema. "Nyusi zimepanda. Nikirudi dukani watadhani nimeshtuka."

"Samahani."

"Kaa chini kidogo, dada. Hata maji ya kunywa."

"Nikikaa nasahau."

"Umesoma hiki kitabu mpaka mimi mwenyewe nimekijua. Mimi, muuza vitenge. Juzi nimemweleza mteja habari za umande, akaondoka bila kununua." Clementina akakipindua kitabu, akakitazama mgongo. "Labda kitabu chenyewe ndicho kibovu."

Kitana kikasimama. Grâce alinyoosha mkono, akakitoa kitabu mapajani mwake, akakifunga, akakiweka juu ya kabati la mafuta ya nywele.

"Hiki ni cha baba yangu," akasema.

Akamalizia kichwa kile bila kitabu na bila neno. Clementina hakusema tena, na yeye kunyamaza ni kazi.

*

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Grâce alipakua bukari na sombe, ugali na kisamvu cha kwao, kwenye bakuli lenye kifuniko, akampelekea Tonton kazini. Jumapili ndiyo siku ya magari mengi. Angeweza kupanda taksi. Alitembea, toka Albert Park mpaka South Beach, kwa sababu kukaa ndani ya taksi kungemchoma.

Upepo wa kaskazini ulikuwa na siku ya tatu, ule wa joto, unaorusha mchanga barabarani. Vénérand alisimama mahali pake palepale, kati ya nguzo mbili za taa, kizibao kimempepea kifuani. Alikuwa ameupa upepo mgongo. Walinzi wote wa pale husimama hivyo, la sivyo mchanga unawajaa machoni.

Alikula amesimama. Grâce alizunguka gari moja, akarudi, akazunguka jingine.

"Kaa, utavunja miguu," Tonton akasema.

"Wewe mbona hukai?"

"Mimi niko kazini."

Akala. Grâce akaanza kumwambia mtihani, swali kwa swali, kama alivyokuwa amekwisha kuwaambia wengine wote. Hakutegemea jibu. Alitaka masikio tu. Walimwuliza umande, akajibu. Walimwuliza ukungu wa asubuhi. Walimwuliza mawingu ya radi. Walimwuliza ukiupa upepo mgongo, hewa nyepesi iko mkono gani, akajibu wa kushoto. Tena swali hilo waliligeuzageuza, likaja mara nne, tano, kwa sura tofauti, kwa ramani, kwa michoro, na zote alijibu sawasawa, kushoto, kushoto.

Vénérand aliacha kutafuna.

"Tonton, iko nini?"

"Hakuna."

Toyota moja ilikuwa inatoka. Akaweka bakuli juu ya ukuta, akaiongoza kurudi nyuma kwa mkono, akapokea sarafu, akashukuru. Akarudi. Hakulichukua bakuli.

"Ile ya upepo," akasema. "Mimi pia nilikuwa nasikiaka."

"Najua. Ulikuwa hapohapo."

"Njoo usimame hapa."

Akamshika mabega, akamgeuza, akamweka mahali pake pa kila siku. Upepo ukampiga Grâce kisogoni, ukamrushia nywele mbele.

"Upepo iko wapi?"

"Mgongoni."

"Kushoto yako iko nini?"

"Bahari."

"Na kulia?"

"Mji."

"Miaka mbili nasimama hapa," Vénérand akasema. "Huu upepo ukipiga siku mbili, tatu, unanyamaza, halafu mvua inakuya. Kila mara. Siku moja sijaona imetoka baharini. Inatoka pale." Akaonyesha kwa kidevu, kulia, juu ya mapaa ya mji. "Mimi naangaliaka pale, njo najua nivae koti."

Grâce alitazama pale. Kulikuwa na weusi kidogo mbali nyuma ya maghorofa, kama moshi wa jiko la mtu mwingine.

"Kitabu kinasema kushoto, Tonton."

"Nimesikia. Miaka mbili nimesikia."

"Miaka miwili unajua si hivyo?"

"Mimi najua nini? Sijasoma."

"Lakini ulikuwa unaona. Kila siku unaona. Kwa nini hukusema?"

Vénérand alichukua bakuli, akalifunika, ingawa ndani kulikuwa na chakula bado. Alikaza kifuniko pande zote.

"Ni Julienne alikuwa anauliza," akasema.

Akatazama barabarani kama kuna gari.

"Alikuwa anauliza vizuri. Sasa mimi nimukatize, niseme mwalimu, hapo hapana? Mimi na hiki kizibao?" Akapangusa kifuniko kwa mkono wa shati. "Nilisema labda iko upepo mbili. Moja ya huku nje, moja ya ndani ya vitabu. Nikanyamaza."

Gari lingine likaingia. Akaenda.

*

Alirudi nyumbani nusu anakimbia. Akafungua kitabu juu ya kitanda, akapiga magoti mbele yake. Safari hii hakuanza na mafunzo. Alianza na yale yasiyosomwa na mtu, kurasa za mbele, zenye majina na anwani. Kimepigwa chapa Brussels. Akafunua ramani zote za mvua na upepo. Zote zilikuwa za Ulaya. Alizijua ramani zile kama alivyojua vidole vyake, na hakuwahi kujiuliza ni za wapi.

Akaenda kwenye kanuni ya upepo. Mwanzo wa sentensi kulikuwa na maneno machache yenye herufi zilezile kama mengine. Katika nusu ya kaskazini ya dunia. Yeye na Julienne walikuwa wameyapita maneno yale mara mia, kama unavyompita mtu uliyemsalimia asubuhi. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, ufafanuzi wa mstari mmoja: upande wa kusini, mambo haya huwa kinyume.

Pembeni, nyayo za kuku. Hakuhesabu.

Jumamosi, akiosha ndege, alimwuliza mzee Mbelgiji. Mzee hakucheka. Alichora kwa kidole juu ya povu la sabuni, ubavuni mwa ndege, duara mbili. Moja inazunguka huku, ya pili inazunguka kule.

"Hii ya Ulaya. Hii ya hapa."

"Na Bukavu?"

"Bukavu ni karibu na mstari wa katikati ya dunia. Pale upepo wenyewe haujui ugeuke wapi. Baba yako hakuhitaji ukurasa huo hata siku moja." Akalifuta povu kwa kiganja. "Dira nayo inapokudanganya ukiwa unageuka, hapa inadanganya kinyume. Wewe ile ya dira ulipata ngapi?"

"Sabini na sita."

"Ulibahatika."

Akamwambia yanayogeuka na yasiyogeuka. Umande haugeuki. Barafu ya mabawani haigeuki. Mawingu ni yaleyale. Yanayogeuka ni machache, ila kwenye mtihani wa huku hayo ndiyo wanayoyapenda.

*

Kujua kulichukua alasiri moja. Mdomo ndio uliokataa. Toka Jumamosi mpaka Jumanne Grâce alijiuliza mwenyewe akitembea, na kila mara, kabla hajafikiri, jibu lilikwisha kutoka. Kushoto. Halikutoka kwa sauti yake. Lilitoka na kiti karibu na jiko, na kile kikohozi kidogo cha Julienne kabla ya kuuliza. Alijaribu kufuta alama za penseli. Alifuta moja, akaacha.

Saluni akamwambia Clementina amwulize.

"Upepo mgongoni," Clementina akasoma kwenye karatasi aliyoandikiwa, "mkono gani?"

"Kush... kulia."

"Umesema vyote viwili. Ndege yako ina sukani mbili?"

Siku tatu zilikuwa zimebaki.

Jioni ya Jumanne alirudi, chakula kiko motoni, akaanza hatua zake nne. Vénérand alikuwa kwenye ndoo na viatu vyake. Alimtazama akienda, akamtazama akirudi. Akaweka brashi chini. Akasimama, akanawa mikono kwenye sinki, akaifuta. Kisha akaenda akakaa kwenye kiti cha Julienne.

Kiti kililia kidogo.

"Nipe kitabu," akasema.

Grâce akampa. Vénérand akakiweka mapajani, kimefungwa, viganja vyote viwili juu ya jalada. Hakikuwa na faida kwake kikiwa wazi. Akakohoa, kikohozi kidogo.

"Simama, upe upepo mgongo. Hewa nyepesi iko mkono gani?"

Grâce alisimama katikati ya chumba. Mume wa mwalimu alikuwa ameyashika yote, maneno kwa maneno, kwa mpangilio uleule, hata mahali Julienne alipovutia pumzi. Miaka miwili ya kupiga viatu rangi.

"Wa kushoto," mdomo ukasema.

"Hapana," Vénérand akasema. Alilisema polepole, kama anayeweka kitu kizito mezani. "Tena. Upe upepo mgongo. Mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na mvua inapikiwa wapi?"

"Kwenye hewa nyepesi."

"Vizuri." Akapapasa jalada. "Tembea."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Chungu kilichemka, kikamwagika, kikazima moto, wakauacha. Akauliza tena. Aliuliza yote, ya umande, ya ukungu, ya radi, akarudi kwenye upepo. Jumatano pia. Alhamisi pia. Ijumaa asubuhi walipoondoka kila mtu njia yake, kitabu kilikuwa juu ya kiti.

*

Kwenye chumba cha mtihani walikuwa watu sita. Msimamizi alikuwa mwanamume mwenye miwani, anasoma gazeti.

Swali la upepo lilikuwa la saba. Grâce alilisoma. Penseli ikaenda yenyewe kwenye jibu la kushoto, ikagusa karatasi. Akaiinua. Akatazama nukta ile ndogo ya risasi ya penseli. Akasoma tena. Sasa kila jibu lilionekana sawa, na mle kichwani kulikuwa na sauti mbili, zote zinakohoa.

Akasimama.

Viti vikaacha kulia. Msimamizi akashusha gazeti.

"Miss, kuna tatizo?"

"Hapana, sir."

"Basi kaa."

Hakukaa. Dirisha lilikuwa wazi nyuma yake, linaingiza upepo kidogo wa baharini. Akaupa mgongo. Akafumba macho, akamwona mtu mwenye kizibao kati ya nguzo mbili za taa. Kushoto bahari. Kulia mji. Mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe, mbele ya watu wote, ukaonyesha ukutani.

"Miss."

"Nimemaliza, sir," akasema, akakaa, akaandika.

Lilipokuja tena, limegeuzwa kwa ramani, hakuhitaji kusimama. Alinyanyua tu bega.

Walisahihisha palepale. Alitembea uani dakika arobaini. Yule kijana wa Umlazi alikuwa anakunja mpira wa maji. Akamsalimia. Grâce akamsalimia. Wote wawili walijua siku hiyo ni ya nini, hawakuisema.

Bibi wa ofisini akatoa kichwa mlangoni. Themanini na moja.

Kijana alimaliza kukunja mpira, akautundika mahali pake. Akaja akampa mkono.

"Sharp, sisi," akasema, yaani safi, dada, kwa lugha ya vijana wa kule. Akachukua begi lake.

Grâce alimtazama mpaka akatoka getini. Hapo miguu yake ilitaka kwenda, na kwa mara ya kwanza hakujua iende wapi.

Ilikwenda South Beach. Alishuka taksi mjini, akamalizia kwa miguu. Upepo wa kaskazini ulikuwa umekatika kabisa. Bendera za mahoteli zimelala. Watu walikuwa wanakunja taulo, magari yanatoka moja baada ya jingine, na Vénérand alikuwa katikati yao, mikono juu. Alishavaa koti.

Grâce alisimama ng'ambo ya barabara, taa nyekundu ya barabarani, robot kama waitavyo Durban, ikiwa imemzuia. Tonton akamwona. Hakupiga kelele kuuliza, wala yeye hakupiga kelele kujibu. Alinyanyua mkono wa kulia tu.

Vénérand aliutazama ule mkono. Dereva mmoja akampigia honi, akatazama bado.

Grâce alipovuka akafika, wakasimama bega kwa bega, magari yakijitoa yenyewe.

"Na Julienne?" Vénérand akauliza. "Sasa amekosea?"

"Hakukosea. Kitabu cha kule kinasema hivyo. Kule ni kushoto kweli. Alisoma sawasawa kilichoandikwa."

"Kule."

"Ndiyo, Tonton. Angesimama kule, angekuwa sawa."

Vénérand alifunga kifungo cha juu cha koti, akakifungua, akakifunga.

"Nilijua iko upepo mbili," akasema.

Tone la kwanza likaanguka juu ya boneti ya gari. Walikwenda kusimama chini ya paa la duka la aisikrimu, wakaitazama mvua ikija juu ya mapaa ya mji, upande wa kulia, haina haraka. Kulikuwa na benchi pale, kavu. Grâce alikaa.